Hudi ile ilipita mikononi mwa wangapi?

Wasee, leo siongei mambo ya bei wala staili. Leo tunaongea kuhusu nguo inayokutukana kabla hata hujainunua.

Mnakumbuka ile hudi ya H&M? Ilikuwa Januari 2018. Kwenye tovuti yao ya Uingereza waliweka picha ya mtoto mweusi amevaa sweta ya kijani ya kofia, na kifuani imeandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye tumbili mkali kuliko wote msituni. Sasa ngoja. Mtoto mzungu, kwenye nguo za mtindo huo huo, sweta yake ilisema yeye ni mtaalamu wa kuishi msituni. Msitu ni ule ule. Mmoja ni mtaalamu, mwingine ni mnyama.

Moto ukawaka. The Weeknd na G-Eazy wakasema hawafanyi kazi tena na hiyo kampuni. Afrika Kusini, wafuasi wa chama cha EFF wakaingia madukani, wakapindua nguo na kuangusha sanamu, mpaka maduka yakafungwa kwa muda. H&M wakaomba radhi na kuiondoa ile hudi.

Na hapa ndipo story inafika kwetu. Mtoto mwenyewe ana asili ya Kenya, familia yake ilikuwa inaishi Sweden. Mama yake akasema yeye haoni ubaya, ni nguo moja tu kati ya nyingi ambazo mtoto amepigwa nazo picha. Watu wakamrukia vibaya sana. Hapo sikubaliani na sisi. Yule mama hakuchora hudi, hakuandika yale maneno, na si yeye aliyeamua picha ipandishwe. Tuliacha kampuni tukaenda kupigana na mzazi.

Lakini pia sikubaliani na wale wanasema "si ni nguo tu, mnapenda kukasirika." Mwaka 1906, kijana kutoka Kongo anayeitwa Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na umati ukaenda kumtazama. Mpaka leo wachezaji weusi wanaimbiwa milio ya nyani kwenye viwanja vya Ulaya. Hilo neno lina historia. Huwezi ukaliweka kifuani mwa mtoto mweusi halafu ushangae.

Kitu kinanisumbua ni hiki: kabla hudi iuzwe, kuna mtu anabuni maneno, mwingine anaidhinisha, mwingine anamvalisha mtoto, kuna mpiga picha, kuna wa kuipandisha kwenye tovuti. Wote hao waliona. Hakuna aliyeizuia.

Mwisho wa mwaka huo huo ikawa zamu ya Prada. Desemba 2018, wakili mmoja mweusi, Chinyere Ezie, alikuwa anapita zake mbele ya duka lao mtaa wa Soho, New York. Dirishani akaona midoli myeusi yenye midomo mikubwa myekundu. Karne ya 19 huko Marekani, wazungu walikuwa wanajipaka weusi usoni na kujichora midomo kama hiyo, wanapanda jukwaani kumcheka mtu mweusi. Akapiga picha, akaandika. Prada wakasema hao ni viumbe vya kubuni tu, lakini wakawaondoa. Mwaka 2020 wakafikia makubaliano na tume ya haki za binadamu ya jiji, na wafanyakazi wao wakatakiwa wapewe mafunzo. Kampuni nzima haikuona kitu ambacho mpita njia mmoja alikiona akiwa barabarani. Ama waliona wakanyamaza?

Mimi nadhani wengine waliona. Najua kwa sababu hata mimi nimewahi kunyamaza.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye duka la nguo hapa tao. Dirishani tulikuwa na sanamu sita za kuvalisha nguo, tano nyeupe na moja nyeusi. Siku moja mdosi, mwanamke mweusi kama mimi, akaniambia, "Hiyo nyeusi irudishe stoo. Nguo haitokei vizuri nayo." Nikaibeba. Sikuuliza. Nilikuwa nalipwa mia tano kwa siku na sikutaka kuzipoteza.

Wiki hiyo hiyo akaja msichana, labda wa miaka kumi na sita. Akajaribu gauni la manjano lililokuwa dirishani. Akajiangalia kwenye kioo, akaangalia sanamu, akaniuliza, "Dada, hii inaweza kunikaa kweli, na vile mimi ni mweusi?" Nikamwambia achukue ya kijivu.

Hakuna mtu alikuja kuandamana pale dukani. Hakuna aliyepiga picha. Lakini tofauti yangu na yule aliyeidhinisha ile hudi ni nini? Yeye alikuwa na duka kubwa tu.

Kwa hivyo, kukasirika tukasirike, lakini tusingoje kampuni za Ulaya zikosee. Ukifanya kazi dukani na uone kitu hakiko sawa, sema, hata kama ni kwa upole. "Madam, hii si itaonekana vibaya?" Hilo ni swali la sekunde tatu, na mimi lilinishinda. Ukiwa mteja, mwambie mwenye duka kwamba hata sisi tunataka kujiona dirishani. Pesa ni zetu.

Na wewe msichana wa gauni la manjano, kama unasoma hii: lilikuwa linakukaa poa sana. Nililiona, nikakudanganya. Pole.

Sasa niambieni, kwenye duka mnalonunua nguo, sanamu za dirishani ni za rangi gani?