Usimcheke anayeomba leso

BARAZANI na Bi Mwanaisha

Jumanne nilimpeleka Kariakoo dada yangu wa Mombasa, mtoto wa mama mdogo, akanunue nguo za mwali. Usiku kucha alikuwa njiani ndani ya basi, na bado asubuhi akaoga, akajitanda, akaniambia twende jua halijapanda. Tukaingia duka moja la nguo. Akasalimu, kisha akasema kwa upole wa kwao, "Mwanangu, nitolee leso niteue."

Kijana akainama chini ya meza, akaibuka na pakiti ya vitambaa vya mkononi.

"Si hizo, babangu. Leso za kujifunga."

"Kumbe mama unataka kanga! Leso ni ya kupengea kamasi." Akawageukia wenzake, akapaza sauti: "Wakenya na Kiswahili chao!" Duka zima likacheka.

Dada yangu alinyamaza, akavuta mtandio wake. Mimi sikunyamaza pale, na hapa sinyamazi. Kijana yule amekosa mara mbili. Amekosa adabu, kumcheka mbele za watu mtu aliye makamo ya mama yake. Na amekosa Kiswahili, papo hapo alipodhani anakisahihisha.

  

Leso ni neno tulilolipata kwa Wareno. Kwao lenço ni kitambaa cha mkononi, nasi tulilipokea pamoja na meza, bendera, mvinyo na karata, enzi zile walipoishika pwani wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Hapo kijana ana nusu ya haki. Nusu iliyobaki ndiyo asiyoijua, na ndiyo yenye utamu.

Wazee wa pwani husimulia kwamba mnamo nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki nyeusi na merikani, ile pamba iliyoitwa kwa jina la Wamarekani walioileta, walianza kuzitamani leso za rangi. Zilikuwa zikija madukani kwenye jora, hazijakatwa. Wakanunua sita kwa pamoja, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga kwa sindano, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa tangu kiwandani. Zikaja zenye madoa meupe, watu wakamkumbuka kanga, yule ndege wa madoadoa. Huku kwetu tukashika jina la ndege. Mombasa wakabaki na leso. Sisi tumeiita nguo kwa sura yake, wao wanaiita kwa kazi ya mikono ya bibi zetu.

Sasa niambieni, nani wa kumcheka mwenzake? Anachekwaje Kiswahili mtu wa mji wa mshairi Muyaka bin Haji? Na anachekwa Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia! Likageuzwa na ndimi za watu likawa Kiswahili safi, wala hakuna anayelicheka.

Ugonjwa huu wa kucheka Kiswahili cha wengine naujua ulikotoka. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa wakoloni, tena Mombasa kwenyewe, wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ya shule na ofisi inahitaji msingi, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba tangu hapo tumelea watoto wanaoamini kuwa neno wasilolijua ni kosa la anayelisema.

Na wasiyoyajua ni mengi. Dada yangu alipotulia akaomba kisutu. "Kisutu?" kijana akashangaa. "Mama, Kisutu si mahakamani?" Kisutu, nguo ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe! Muuza kanga anaijua mahakama, nguo ya mwali haijui. Nami nakiona kile pale nyuma ya kichwa chake, kwenye rafu ya tatu. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakishusha kimya kimya, na safari hii hakuna aliyecheka.

Dada yangu alilipa, akashukuru, akamwombea kijana riziki. Ndivyo alivyolelewa. Mimi nimelelewa nyumba hiyohiyo, lakini dua yangu nimeichelewesha mpaka niseme hili, na wenye maduka mlisikie. Akija mtu wa Mombasa, wa Lamu au wa Malindi akaomba leso, mtolee, umtandikie, umsomee na jina, yaani msemo ulioandikwa. Akikutajia neno usilolijua, muulize maana yake, akufundishe bure. Kanga unayoiuza ni mtoto wa leso. Na kwetu pwani, mtoto hamcheki mama yake.