Bawa la nyuma halishiki gari kwenye vilima vya Bukavu

Kijana akipata gari yake ya kwanza hapa Bukavu, mara nyingi ni Toyota ya mitumba iliyotoka Japani, usukani upande wa kuume, pine zimekwisha kula kilomita nyingi. Lakini wengine hawaanzi na pine. Wanaanza na bawa la nyuma, lile ambalo mafundi wanaliita eleroni. Wameona kwenye simu jinsi bawa la Porsche linavyoinuka lenyewe gari ikikimbia, na garaji hakosi fundi wa kutoboa mfuniko wa nyuma na kufunga linalofanana nalo. Hilo la garaji haliinuki wala halishuki. Linakaa juu mchana na usiku, gari ikitembea au ikisimama.

Kijana kupenda gari yake ipendeze si kosa. Kosa linaanza pale anapoamini kwamba bawa hilo linamshikia gari barabarani, kisha akateremka nalo kwa vitesi ambayo bila bawa angeiogopa. Na akikosea, anayeumia si yeye peke yake. Pembeni ya barabara hiyohiyo yuko mama mwenye mzigo kichwani, wako watoto wanaotoka shule, ziko familia zilizokimbia vita ambazo hazina namna nyingine ya kusafiri isipokuwa miguu yao. Kwa ajili yao inafaa kujua bawa lile la kweli linafanya kazi gani, na linaifanya wakati gani.

Gari za michezo nyingi zina mgongo unaoinama kuelekea nyuma, karibu kama mgongo wa kobe. Gari ikikimbia sana, hewa inayopita juu ya mgongo huo inaivuta gari juu, hasa sehemu ya nyuma. Ni nguvu ya jamii moja na ile inayoinua ndege. Gari hairuki, lakini pine za nyuma zinapungukiwa na uzito na hazishiki tena lami vizuri. Hapo shofere akikata kona au akikanyaga freni ghafla, nyuma inaweza kumtoka. Bawa linavuruga njia ya hewa hiyo ili isiinue gari, na likiwa limetengenezwa kwa kazi hiyo linaweza hata kuikandamiza chini.

Porsche iliweka bawa la kuinuka lenyewe kwenye 911 Carrera 4 iliyotoka mwaka wa 1989. Kuna chombo kinachosoma mwendo wa gari. Ukifika kilomita 80 kwa saa, moteri ndogo ya umeme inalisukuma bawa juu. Gari ikipunguza mwendo kidogo tu, bawa halishuki. Linangoja mpaka gari iende polepole sana ndipo linalala tena. Sababu yake ni rahisi: kama lingeinuka na kushuka kwenye kilomita 80 ileile, shofere anayecheza kati ya 79 na 81 angekuwa na bawa linalopanda na kushuka bila kupumzika, mpaka moteri yake ife. Kuna pia kifungo cha kuliinua gari ikiwa imesimama, ambacho kinasaidia wakati wa kuosha, maana majani na vumbi vinapenda kujificha chini yake.

Kwa hiyo mtu mwenye gari hiyo anayekwenda kazini, sokoni na kanisani ndani ya mji anaweza kumaliza wiki nzima bila bawa lake kuinuka hata mara moja, kwa kuwa halina kazi. Waliolitengeneza walijua hivyo, ndiyo sababu walilipa mahali pa kulala.

Mtu asiseme basi kwamba bawa ni urembo mtupu. Audi ilipotoa gari yake ndogo ya michezo, TT, mwaka wa 1998, haikuwa na bawa nyuma. Kwenye barabara kubwa za Ujerumani, ambako sehemu nyingine hazina kikomo cha mwendo, baadhi ya watu walishindwa kuiongoza wakikimbia sana, na wengine walikufa. Audi ikaita magari yaliyokwisha kuuzwa yarudi, ikayafungia bawa dogo, ikarekebisha chini ya gari na kuongeza mtambo wa kompyuta unaosaidia gari isiteleze. TT iliyofuata, ya mwaka wa 2006, ilipewa bawa linaloinuka lenyewe kwenye kilomita 120 kwa saa. Mahali pake, bawa linaokoa maisha. Mahali pake ni kwenye kilomita 120.

Sasa turudi kwenye avenyu Patrice-Emery Lumumba. Nguvu ya hewa haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya hewa inazidi mara nne. Maana yake ni kwamba kwenye kilomita 40 kwa saa bawa linapata robo tu ya nguvu linayoipata kwenye 80. Kwenye kilomita 20, mwendo wa kawaida kati ya Nyawera na Feu Rouge saa za msongamano, linapata sehemu moja tu kati ya kumi na sita. Hata bawa la kiwandani lingekuwa limelala hapo. Lile la garaji, ambalo hakuna aliyelipima wala kulijaribu, haliwezi kushinda la kiwandani.

Hesabu ileile ya mara nne inatawala freni pia, na hapo ndipo mambo yanakuwa magumu. Kwenye lami kavu, tambarare, pine nzuri na freni nzuri, gari inayokwenda kilomita 40 kwa saa inahitaji takriban mita 20 ili isimame, tukihesabu na ile sekunde moja ya shofere kushtuka. Kwenye kilomita 80 inahitaji karibu mita 60. Ongeza mvua, ongeza matope yaliyotelemka kutoka mlimani, ongeza mteremko na pine zilizokwisha meno, na mita hizo zinakuwa nyingi zaidi. Vitesi inayoamsha bawa ni ileile ambayo kati ya Essence na Major Vangu hakuna shofere anayeweza kusimama kwa wakati akikatiwa njia na mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa mabawa hasemi. Porsche 911 ina moteri nyuma na inasukumwa na magurudumu ya nyuma, au yote manne. Toyota ndogo nyingi zinazotembea hapa mjini zinavutwa na magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayovuta, hayo ndiyo yanayoongoza, na wakati wa kufreni hayo ndiyo yanayobeba kazi kubwa. Bawa lililofungwa nyuma kabisa, hata likipata hewa ya kutosha, linakandamiza pine za nyuma na linaweza kupunguza kidogo uzito wa pine za mbele. Mtu ametoa dola zake kusaidia upande usiohitaji msaada.

Tena liko tatizo la taa. Magari mengi yana taa ya tatu ya freni juu, kwenye kioo cha nyuma au kwenye mfuniko. Bawa lililofungwa vibaya linaifunika, na motari anayefuata nyuma haoni mapema kwamba gari iliyo mbele inasimama. Na yale matundu yaliyotobolewa yasipozibwa vizuri, mvua za kuanzia Septemba mpaka Mei zinaingia ndani na kutu inaanza kazi yake.

Wapo watakaojibu kwamba pesa ni zao, na gari yenye bawa inapata mteja haraka wakitaka kuiuza. Jibu hilo lina ukweli wake. Pesa ni zao, lakini barabara ni ya watu wote. Anayetaka urembo aweke urembo, ila kwanza pine, kwanza freni, kwanza taa. Bawa lije mwisho kabisa, lifungwe na bulo za kweli, lisifunike taa, wala lisiwe na ukingo mkali kwenye urefu wa uso wa mtoto.

Jambo hili lina uzito zaidi kwenye barabara ya taifa namba 2, kutoka mjini kwenda Kavumu. Pale lami inaruhusu mtu kukimbia, na ndipo wenye mabawa wanajaribu gari zao. Lakini barabara hiyo inapita katikati ya soko la Mudaka, inapita Miti, na watu wanatembea pembeni yake mchana kutwa. Februari 2025, vita vilipofika Kavumu na baada yake Bukavu, familia zilipita kwenye barabara hiyohiyo na magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Mtu aliyetoka kijijini kwa sababu ya risasi asije akaangukia chini ya gari ya kijana anayejaribu bawa.

Polisi ya barabarani inajua kusimamisha gari na kuuliza karatasi. Ingefaa, kabla ya karatasi, ipige jicho kwenye pine na kumwambia shofere akanyage freni ili taa zote zionekane. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Wenye garaji nao wana sehemu yao. Fundi anayeona pine zimekuwa laini kama sahani, kisha akapokea pesa za kufunga bawa bila kusema neno, hajamsaidia mteja wake.

Na wasafiri wasikae kimya. Familia inayopanda gari kwenda Kavumu, Katana au Nyangezi ina haki ya kuitazama gari kabla ya kulipa. Waangalie pine: meno yake yanaonekana? Waangalie mzigo wa juu: umerundikwa mpaka wapi? Mzigo mkubwa juu ya gari unaifanya iyumbe kwenye kona, na hakuna bawa linaloweza kurekebisha hilo. Njiani, ikiwa shofere anakimbia mno, mama mmoja akisema « polepole, baba, tuko na watoto », wengine wamuunge mkono badala ya kumwachia aibu ya kuongea peke yake.

Kwa kijana mwenye Toyota na dola chache mfukoni, ushauri ni mmoja. Siku ya kwenda garaji, aanze na kuuliza bei ya pine mbili za mbele na ya kubadilisha freni. Kikibaki kitu, basi anunue bawa lake, na ajue anapoteremka kuelekea Nguba kwa kilomita 30 kwa saa kwamba kinachomshika barabarani ni zile pine.