Mama anarudi kazini, mtoto atanyonya wapi?
Sheria ya kazi ya mwaka 2002 nchini DRC inampa mama majuma 14 ya likizo ya uzazi, na theluthi mbili za mshahara. Akirudi kazini, ana haki ya kunyonyesha mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara.

Lakini mama anayeuza sambaza katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, hana mwajiri wala likizo. Asipouza, jamaa haili na dawa hainunuliwi. Akiuza, mtoto mchanga anashinda juani na kwenye vumbi. Shirika la afya ulimwenguni OMS linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita.

Wakubwa wa masoko watenge chumba kimoja safi cha kunyonyeshea. Wamama hao wanalipa kodi ya soko kila siku.