Hiyo Sproketi Ipeleke Thika Road

Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA hutangaza bei ya mafuta, na bei ikipanda tu, wataalamu wa WhatsApp wanaamka. Badilisha sproketi. Punguza petroli kwenye kabureta. Toa kerio na bampa, pikipiki iwe nyepesi. Tangu lita ivuke shilingi 200 mnamo Septemba 2023, ushauri huu umekuwa kama dini. Swali langu ni moja: huyo aliyeupima alikuwa amebeba nini?

Pale steji ya Ekero, boda si pikipiki ya mtu mmoja na begi la laptopu. Asubuhi ni gunia la mahindi, mchana ni mitungi ya maji, usiku ni mama mjamzito anayekimbizwa St Mary's, Mumias. Lami ni sehemu ndogo ya kazi. Ukishaiacha unaingia njia za mashamba ya miwa, na mvua ikinyesha, hapo ni utelezi tu.

Sasa chukua sproketi ya mbele ya meno 14, weka ya 15. Kweli, injini ikizunguka vilevile, gurudumu linasonga mbele zaidi kwa kama asilimia 7. Lakini nguvu ya kuvuta nayo inashuka karibu kiasi hichohicho. Kwa barabara tambarare, bila mzigo, hutaona shida. Kwa mlima wenye matope na gunia nyuma, utarudi gia ya kwanza na kuichezea klachi mpaka inuke. Petroli uliyookoa unaichoma hapo, halafu unanunua pleti za klachi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme dereva anachoma lita 3 kwa siku, na hiyo modifikesheni imuokolee asilimia 5, kwa bei ya shilingi 200. Hiyo ni shilingi 30. Akikataa gunia moja kwa sababu kerio aliitoa, faida imeisha kabla ya chai ya saa nne. Na kabureta ikinyimwa petroli kupita kiasi, injini inachemka. Pistoni haijui bajeti yako.

(Wa kuchanganya na mafuta taa siwajibu. Serikali iliwakomesha 2018 kwa kupandisha kodi ya mafuta taa, na aliyelia ni nyanya mwenye koroboi.)

Sisemi dereva asibane matumizi. Apime upepo wa magurudumu, asafishe filta ya hewa, apake cheni oili, aangalie kama breki zinashika gurudumu bure. Hayo hayamnyimi mzigo wowote. Ila hayana video tamu, na fundi hauzi kitu.

Kwa hivyo ndugu fundi wa Nairobi, njoo Ekero mwezi wa nne. Gunia tutakufungia sisi wenyewe. Washa kamera ukiwa chini ya mlima, usiizime mpaka ufike juu.