Alama Si Huwekwa na Mwalimu?

Nilimpeleka binti ya kaka yangu, mtoto wa miaka mitano, kufanyiwa intavyu ya kujiunga na shule. Ndiyo, siku hizi hata watoto wa chekechea wana intavyu. Akapewa karatasi ya kupima akili yenye picha za ng'ombe, mbuzi, kondoo na kikombe. Mwalimu akasoma: "Weka alama kwenye kisicho cha kundi hili." Mtoto akashika penseli, akatulia tuli. Ukurasa wa pili, vilevile. Tukaambiwa kwa upole kwamba "si mwepesi".

Njiani nikamuuliza, kwani hukukiona kikombe?

"Nilikiona, shangazi. Lakini alama si huwekwa na mwalimu?"

Hebu niambieni, hapo kilipimwa nini? Kwake yeye, alama ni zile za kalamu nyekundu ambazo mwalimu humpa mtu akimaliza kazi. Jibu alikuwa nalo. Alichokosa ni maana ya neno moja kwenye agizo. Fomu ya shule haina mahali pa kuandika hivyo. Ina mahali pa namba tu.

Najua nitakavyojibiwa: ati kuelewa maagizo nako ni akili. Haya basi. Tumsomee mkuu wa shule maagizo kwa lugha asiyoijua, kisha tuwaandikie wazazi wake barua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1974 McGarrigle na Donaldson walichapisha jaribio walilofanya na watoto wadogo huko Uskochi. Ukipanga safu mbili za vitu zilizo sawa, kisha mtu mzima akaitanua moja na kuuliza tena kama ziko sawa, watoto wengi husema hapana. Safari hii safu ilivurugwa na mwanasesere dubu mtundu. Swali likabaki lilelile, lakini waliojibu sawasawa wakawa wengi zaidi. Je, akili iliongezeka kwa sababu ya dubu? La. Mtoto husikiliza maneno, halafu hujiuliza mkubwa huyu anataka nini hasa.

Na hapa kwetu, miaka hiyohiyo ya sabini, Harkness na Super waliwataka watoto wa Kipsigis kijijini Kokwet wasimulie upya hadithi waliyosikia. Wengi walinyamaza. Nyumbani walifunzwa kusikiliza na kutii, si kujimwaga kwa maneno mbele ya mkubwa. Ukimya ule ulikuwa adabu. Kwenye karatasi ungeandikwa sufuri.

Ninachodai si kikubwa. Agizo litolewe kwa lugha ya nyumbani. Mtoto apewe mifano ya kujaribu kwanza. Aulizwe: "Nimekuambia ufanye nini?" Asipoelewa, iandikwe kwamba hakuelewa agizo, basi.

Binet na Simon walipotunga kipimo chao Paris mwaka 1905, shabaha ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Sisi tumekifanya bawabu wa lango.

Kaka yangu sasa humsemesha bintiye polepole, kama mgonjwa. Juzi mtoto alinivuta kando akaniuliza, "Shangazi, baba ana nini?"