Kitundu Kidogo si Kazi Ndogo

Siku hizi wagonjwa kutoka Masisi na Walikale hutuuliza neno moja: "Munganga, hamuwezi kunipasua kwa vile vitundu vidogo?" Wamesikia habari kwa ndugu zao waliokwenda mbali kutibiwa.

Habari hiyo si uongo. Munganga hutoboa matundu matatu au manne tumboni, kila moja upana wa nusu sentimeta au sentimeta moja. Kwanza huingiza hewa ya kaboni dioksidi, ili tumbo liinuke kama hema apate nafasi ya kuona. Kisha huingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera, naye hutazama ndani katika kioo kama cha televisheni, huku vyombo virefu vikifanya kazi. Mjerumani Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985. Wenzake hawakumkubali, leo ndiyo njia ya kawaida Ulaya na Marekani.

Wala si ya Wazungu tu. Katika hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa 1999 chini ya kanisa la CEPAC, Munganga Denis Mukwege na Profesa Guy-Bernard Cadière wa Bruxelles waliwatibu pamoja wanawake walioumizwa vibaya: mmoja akifanya kazi kwa njia ya chini, mwingine kwa vitundu vya tumboni.

Faida ni kubwa, nami sitaki kuipunguza. Mama wa Masisi hubeba kikapo cha viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akikatwa tumbo kwa kidonda kirefu huambiwa asibebe mzigo majuma sita hivi, na majuma sita yakipita, wakati wa kupanda umepita nayo. Nani atalisha watoto? Kwa vitundu, wengi hurudia kazi nyepesi baada ya juma moja au mawili, na vidonda huoza mara chache zaidi.

Lakini wako wanaokataa kupasuliwa hapa karibu, wakisema, "Nitangoja ile ya vitundu." Nasema wazi: kungoja huko kunaua. Ngiri iliyokabwa, utumbo uliofunga, kidole tumbo kilichopasuka, hayo hayangoji. Toka Masisi hadi Goma ni kilometa kama 80, toka Walikale ni zaidi ya 200, tena za tope. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Masisi na Goma, uwanja wa ndege ukafungwa; mwezi wa tatu vikafika Walikale. Mgonjwa wa kubebwa kwa tipoi atafika lini? Kidonda kirefu kilichoshonwa vizuri leo ni bora kuliko kitundu cha juma lijalo. Na mama ambaye uzazi umekwama asiulize vitundu hata kidogo: mtoto hapiti katika tundu la sentimeta moja!

Wengine hudhani kitundu kidogo ni kazi ndogo. Sivyo. Kinachokatwa ndani ni kile kile, mgonjwa hulazwa usingizi kabisa, na damu ikizidi munganga atafungua tumbo. Akifanya hivyo asilaumiwe, hakushindwa. Ndiyo sababu sipendi nikisikia washirika wakitaka kuchanga fedha wanunue mashine kwanza. Bila umeme usiokatika, oksijeni, na mtu aliyesomea kulaza wagonjwa, mashine hiyo ni sanduku la kufugia panya. Tuchange kwanza masomo ya muuguzi mmoja wa usingizi. Huyo atamfaa hata mama wa kupasuliwa uzazi usiku wa manane.

Na wewe uliyekwisha kupasuliwa kwa vitundu ukarudi nyumbani: ukiona maumivu begani siku mbili tatu za kwanza, usimtafute aliyekuroga. Ni ile hewa iliyobaki tumboni; itakwisha. Lakini homa, kutapika, usaha, au tumbo kuvimba na kuwa gumu, hayo ni mambo mengine. Usiyadharau kwa kuwa kidonda ni kidogo. Rudi hospitali siku ile ile, na karatasi yako mkononi.