Dawa za Kutia Katika Mafuta ya Injini: Je, Zafaa?

Ndugu wakulima, katika masoko yetu ya Ukambani, tangu Wote na Kibwezi hadi Mutomo na Mwingi, wapo wauzaji wa makopo madogo yenye rangi za kupendeza. Wasema kwamba ukitia kopo moja katika mafuta ya injini, motokaa yako haitakula oili tena, haitatoa moshi, itatumia petroli kidogo, na injini itaishi miaka mingi. Mkulima aliyeuza ndengu zake juzi ana fedha mfukoni, na pikapu yake imechoka. Hapo ndipo anaponunua.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si fundi wa motokaa. Lakini nilisomea ualimu, na mwalimu hapokei jibu mpaka aonyeshwe hesabu yake. Nimesoma habari za dawa hizi na kuwauliza mafundi, na shauri langu ni hili: usizinunue. Fedha hizo zina kazi bora zaidi katika motokaa ile ile.

Kwanza yafaa ujue kwamba mafuta mazuri ya injini si mafuta matupu. Mtengenezaji amekwisha kuyatia dawa: dawa ya kusafisha masizi, dawa ya kuushika uchafu usigande chini, dawa ya kuzuia kutu, dawa ya kuyafanya yasiharibike upesi kwa joto, na nyingine yenye zinki inayolinda vyuma visilane. Kisha mchanganyiko huo hujaribiwa katika injini za majaribio kabla ya kustahili alama za API unazoziona kwenye kopo. Zamani, kabla ya Vita Kuu ya Pili, mafuta mengi hayakuwa na dawa hizo, na aliyetaka kuongeza kitu alikuwa na sababu. Leo sababu hiyo haipo.

Fikiri habari za josho la ng'ombe. Dawa imepimwa kwa maji yake, kiasi cha kuua kupe bila kumdhuru mnyama. Akija mtu na unga wake mfukoni, akataka kuumwaga ndani ya josho kwa kuwa ati utaongeza nguvu, je, mtamruhusu? Nadhani mtamfukuza kwa fimbo. Lakini mtu huyo huyo akija na kopo la injini, twamfungulia boneti.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani iko tume ya serikali inayowalinda wanunuzi na matangazo ya uongo. Mwaka 1996 tume hiyo iliwashtaki wenye Slick 50, dawa iliyokuwa ikiuzwa sana, yenye chembe za kitu kile kile kinachopakwa ndani ya vikaango ili chakula kisigande. Matangazo yalisema kwamba injini nyingi hazina kinga ya kutosha zinapowashwa. Tume ilisema kwamba injini nyingi hulindwa vya kutosha zikitiwa mafuta yanayotajwa katika kitabu cha gari, na kwamba madai ya wauzaji hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 1997 kampuni ilikubali kuacha madai hayo, na wanunuzi wakatengewa malipo yasiyopungua dola milioni 10. Kabla ya hapo, mwaka 1995, wenye STP walitozwa dola 888,000 kwa ajili ya matangazo yao. Ikiwa watu wenye maabara kubwa hivyo walishindwa kuonyesha ushahidi, yule kijana wa sokoni mwenye kipaza sauti atautoa wapi?

Sasa niseme ni kitu gani hasa kinachoua injini zetu, maana si ukosefu wa dawa. Ni vumbi. Ni kweli kwamba barabara ya kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo mpaka Kitui sasa ina lami, lakini shamba lako haliko juu ya lami. Januari na Februari, tunapovuna mazao ya mvua za vuli, ndipo pikapu na matrekta hufanya kazi nyingi kuliko wakati wote, na ndipo vumbi jekundu husimama hewani hata jirani humwoni. Kwa kila lita moja ya petroli inayoungua, injini huvuta hewa kama lita 9,000. Hewa yote hiyo yapita katika kichujio kimoja, kile ambacho mafundi hukiita eakilina. Kikiwa kimetoboka, au mpira unaokiunganisha na injini umepasuka, mchanga mwembamba huingia ndani na kuzisaga ringi na silinda kama jiwe la kunolea panga. Hakuna dawa ya kopo inayorudisha chuma kilichosagika.

Basi fedha za kopo nunua eakilina mpya. Ile ya karatasi usiioshe kwa petroli. Ikung'ute, na ikiwa imejaa, itupe. Trekta la zamani lenye bakuli la mafuta chini ya kichujio lataka bakuli lioshwe na mafuta yake yabadilishwe, na wakati wa vumbi jingi lifunguliwe kila siku. Kisha badilisha mafuta ya injini pamoja na kichujio chake kwa wakati. Kwa mafuta ya kawaida mafundi wengi wa kwetu hushika kilomita 5,000. Kitabu cha gari kikisema mapema zaidi kwa kazi nzito na vumbi, kifuate. Pima mafuta kwa kijiti asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palipo sawa. Kazi hii ni ya dakika mbili, na wengi wetu hatuifanyi mpaka taa nyekundu iwake.

Sikatai kwamba dawa nzito kama asali huweza kupunguza moshi na kelele kwa siku chache. Huziba nafasi kati ya ringi na silinda. Lakini injini haijapona, na hapo pana hila ya kuiangalia sana. Kikundi cha wakulima kinapochanga fedha, au kinapochukua mkopo, kununua pikapu iliyokwisha tumika, muuzaji mjanja aweza kuitia dawa hiyo jana yake. Basi nendeni alfajiri bila kumpa habari, mkaiwashe ikiwa baridi. Tazameni moshi wa buluu, kisha vuteni kijiti muone kama mafuta yanavutika kama gundi. Mlipeni fundi asiye wake aje nanyi. Malipo yake ni kidogo kuliko deni la injini mpya.

Wenye pikipiki nawaonya zaidi. Katika pikipiki nyingi klachi huoga ndani ya mafuta yale yale ya injini. Dawa ya kuongeza utelezi yaweza kuifanya klachi iteleze, ukashindwa kupanda kilima na magunia mawili nyuma. Nunua mafuta ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, basi.

Jambo la mwisho ni mafuta ya bandia, maana mafuta mabaya ni hasara kuliko kukosa dawa. Nunua kopo ambalo kifuniko chake hakijavunjwa, lenye alama ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama waweza kuihakikisha kwa simu, kwa kuandika SM# na namba hiyo na kuituma kwa 20023. Na kopo likiisha, litoboe kwa msumari kabla ya kulitupa, maana wako watu wanaookota makopo mazima na kuyajaza mafuta machafu, wakatuuzia tena.